Aviso: meli iliyojengwa ili ionekane

Neno aviso halina umaarufu katika Kiswahili, lakini kwa asili yake linafanana na neno tunalolitumia kila siku. Wafaransa walilitoa kwa Wahispania, waliokuwa na barca de aviso, yaani chombo cha kupeleka habari. Nasi neno meli tulilipata kutoka Kiingereza mail, yaani posta, kwa sababu ya vyombo vilivyoleta barua. Pande zote mbili, ujumbe ndio uliokipa chombo jina. Waingereza wao waliita meli ya namna hii sloop, neno walilolichukua kwa Waholanzi, na humo barua haimo.

Kati ya vita viwili vya dunia, Ufaransa iliongeza kivumishi: aviso colonial, aviso ya makoloni. Kivumishi hicho ndicho kilichoamua umbo la meli. Tuangalie aina ya Bougainville, ambayo meli zake saba ziliingia kazini kabla ya vita vya pili. Zilikusudiwa kukaa muda mrefu mbali na Ulaya, zikizunguka kutoka bandari hadi bandari kuonyesha bendera. Kwa kazi hiyo mbio hazikuhitajika. Zilikwenda kilomita 29 hivi kwa saa, basi. Kilichohitajika ni kufika mbali: zikienda polepole, ziliweza kupita kilomita 16,000 bila kujaza mafuta tena. Siri ilikuwa injini mbili za dizeli, zinazokula mazutu, kama tunavyoiita huku. Meli ya kuchemsha maji ingekula mafuta mengi zaidi kwa safari hiyohiyo.

Silaha zilipimwa kwa kipimo hichohicho. Mizinga mitatu ya milimita 138 ilitosha kutisha mji wa pwani usio na ngome. Haikutosha kupigana na manowari kubwa. Topido hazikuwemo. Kulikuwa na ndege ndogo ya majini, ambayo ilishushwa kwa kreni, ikaruka kutoka juu ya maji. Mkataba wa London wa 1930 uliacha nje ya hesabu meli za kivita zisizozidi tani 2,000, mradi zisiwe na topido wala zisibuniwe kupita kilomita 37 kwa saa. Aviso hizi zilikuwa na tani 1,969. Zilipenya.

Yabaki majina, na hapa mwanafunzi wa lugha hawezi kupita bila kusimama. Nyingi zilipewa majina ya mabaharia na wapelelezi wa nchi za mbali. Moja, iliyoshushwa majini mwaka 1931, iliitwa Savorgnan de Brazza, jina la yule afisa wa jeshi la maji aliyepanda mto Ogooué kuanzia 1875, akafanya mkataba na Makoko wa Wateke mwaka 1880, na ambaye jina lake liko mpaka leo ng'ambo ya mto, mbele ya Kinshasa. Kuiita meli hivyo ni kupeleka ujumbe bila barua: mwenyeji aliyeiona bandarini alikumbushwa ni nani aliyejihesabu mwenye nchi.

Ila meli hizo hazikujengwa kwa ajili ya kupigana zenyewe kwa zenyewe. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, jeshi lake la maji liligawanyika. Savorgnan de Brazza ikawa upande wa de Gaulle. Bougainville, iliyoshushwa majini mwaka uleule, ikabaki upande wa Vichy. Zilikutana tarehe 9 Novemba 1940 mbele ya Libreville, katika Gabon ileile ambako Brazza mwenyewe alianzia safari zake. Umbo moja, mizinga ileile, mwendo uleule. Bougainville ilishika moto, ikazama. Siku chache baadaye Gabon yote ilikuwa mikononi mwa watu wa de Gaulle.