MAJUTO YASITUVUNJE MOYO

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Methali hii hutumiwa kuonya, na ni mara chache hutumiwa kufariji. Lakini mjukuu akishazaliwa hatupwi, hulelewa. Ndivyo itupasavyo kuyatendea majuto yetu.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa yako majuto yajulikanayo sana, nayo ni ya butura. Mkulima apatwapo na ugonjwa nyumbani, au akikosa karo ya mtoto, huiuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, ijapokuwa Serikali imekataza. Mavuno yafikapo, jasho ni lake na gunia ni la mwingine. Wako wanaojilaumu hata wakakiacha kibanja kimezwe na magugu, wakisema maisha yao yamekwisha haribika. Hapo huzaliwa kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Ndugu, hata viongozi wakubwa wamekosea. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kile cha Bukoba kilichoanzishwa na wakulima wa kahawa mwaka 1950. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, akiwa angali Rais, alikiri katika mahojiano kwamba lau angeanza upya asingevifuta vyama hivyo wala serikali za mitaa. Hakulificha kosa, wala hakukaa akililia. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha fungua njia ya kuurudisha ushirika, na mwaka 1990 wakulima wa Karagwe wakapata chama chao kikuu, KDCU, ambacho huwahudumia pia wenzao wa Kyerwa, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012. Miaka iliyopotea haikurudi, lakini kazi iliendelea.

Mkulima wa kahawa analo somo hili shambani mwake. Mbuni uliozeeka hukatwa kwa msumeno, kikabaki kisiki cha urefu wa futi moja hivi, tena kwa mshazari ili maji ya mvua yasikiozeshe. Machipukizi yatokeapo, huachwa mawili au matatu yenye nguvu, na mengine huondolewa. Hupita miaka miwili au zaidi bila mavuno ya maana. Kwa hiyo mwenye busara hukata mistari michache kila mwaka, na migomba huendelea kuilisha nyumba. Kisha kisiki kile kile huzaa tena, na kovu lake likiwapo.

Basi, aliyeuza kwa butura na aseme kweli mbele ya mkewe na wanawe, ahesabu deni lake, kisha arudi kupalilia kibanja. Nasi wanachama tusimcheke. Yatupasa kuhakikisha kwamba chama cha msingi kinamsaidia mwenye shida kabla hajabisha hodi kwa mlanguzi, kwani tukishindwa, lawama ni yetu sote. Hakuna mtu aliyepewa maisha yasiyo na doa. Heshima ya mtu ni kulikiri kosa lake, na kesho yake aonekane kazini.