Usiichelewishe Witri hadi ikakupita

Juzi nikitoka msikitini baada ya Isha, kijana wa mtaani kwetu anayeendesha tuktuk alinisimamisha. "Ami," akaniambia, "mimi hufika nyumbani saa sita za usiku nimechoka. Nimesikia Witri lazima ulale kwanza, kisha uamke. Basi mimi sina Witri?"

Swali lile lilinichoma, maana nikiwa rika lake nami nilidhani vivyo hivyo. Kila usiku nilitia nia ya kuamka, na kila siku nikashtushwa na adhana ya Alfajiri. Miaka ikapita, Witri siijui. Maalim wangu ndiye aliyenizindua.

Wakati wa Witri huanza ukishaswali Isha na huisha alfajiri inapoingia. Kulala si sharti. Katika hadithi aliyoipokea Jabir, iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (SAW) ametuelekeza kwamba anayechelea kutoamka aiswali mwanzo wa usiku, na mwenye matumaini ya kuamka aicheleweshe, kwani mwisho wa usiku ni bora. Naye Abu Huraira alisema kuwa Mtume alimuusia aswali Witri kabla ya kulala. Swahaba mkubwa kama huyo! Sisi tunaoshindwa kuamka tuone haya gani?

Sasa namna ya kuiswali. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa Pwani twayafuata, Witri ni sunna iliyokokotezwa. Uchache wake ni rakaa moja, na wingi wake ni kumi na moja, daima kwa witiri. Iliyozoeleka ni tatu. Utaswali rakaa mbili kwa nia ya Witri, utoe salamu, kisha usimame uswali moja na utoe salamu tena. Baada ya Alhamdu, rakaa ya kwanza soma Sabbihisma, ya pili Kul ya ayyuhal kafirun, na ya tatu Kul huwallahu pamoja na Falaq na Nas. Kama hukuzihifadhi zote, soma uliyonayo; Witri yako ni sahihi.

Ukiwaona ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi wanaziunganisha rakaa tatu kwa salamu moja, usiwakosoe. Kwao Witri ni wajibu na ndivyo wanavyoiswali. Nasi pia kuunganisha kwafaa, ila kutenganisha ndiko bora.

Kunuti ya Witri kwetu ni nusu ya pili ya Ramadhani, kuanzia usiku wa 16, baada ya kuinuka kutoka rukuu ya rakaa ya mwisho.

Hapa ndipo wengi huulizana: je, nikiswali Witri kisha nikajaliwa kuamka? Inuka, uswali mbili mbili kadiri utakavyoweza, lakini usiirudie Witri, kwa sababu hakuna Witri mbili katika usiku mmoja. Ni hivyo hivyo kwa aliyeswali na imamu baada ya Tarawehe kisha akaamka kula daku. Na ikiwa ulikusudia kuamka, usingizi ukakushinda, ilipe ukikumbuka.

Nilimwambia yule kijana: ukifika nyumbani, egesha tuktuk, tia udhu, swali Isha kama bado hujaiswali, kisha rakaa zako tatu, hata moja, ndipo ulale. Haizidi dakika chache. Akacheka, akasema, "Kumbe ni hilo tu?"

Ndiyo, ni hilo tu. Kuna watu wazima mitaani mwetu wanaoingoja Witri ya usiku wa manane ambayo haiji, na ile ya kabla ya kulala wameiacha. Leo usiku, kabla hujaweka simu chini na kuzima taa, jiulize kama umeiswali. Allah atutakabalie. Amin.