Vumbi ya mavuno: pua inaziba, sikio nalo linafuata

Wandugu wanamemba, tangu tuanze kupiga maharagi na kupukusa mahindi, wengi wanatuuliza dawa ya mafua isiyopona. Chafya tangu asubuhi, pua inatoka maji maji, macho inawasha, lakini homa hakuna. Kisha wanaongeza: sikio limeziba, sawa vile mutu ametoka kuogelea. Sisi si waganga, lakini vumbi ya mavuno ni kazi yetu.

Hiyo mara nyingi ni aleji. Mwili unapigana na makapi, na vidudu vya depo, na zaidi na kuvu ya mahindi yaliyowekwa mu mifuko bila kukauka vizuri.

Sikio linaingia wapi? Nyuma ya pua kuna kamrija kadogo kanakofika nyuma ya ngoma ya sikio. Ukimeza mate ao ukipiga miayo, kanafunguka, hewa inapita. Aleji ikivimbisha pua, kamrija kanafunga. Hewa ya ndani inapunguka, ngoma inavutwa, na maji yanaweza kujikusanya nyuma yake. Hapo mutu anasikia kwa mbali.

Kwa watoto kamrija ni kafupi na kamelala, kwa hiyo kanaziba upesi. Mutoto mwenye maji mu sikio anaweza kukosa kulia hata kidogo. Haitiki tu. Nyumbani wanasema ana kichwa kigumu, ku masomo wanamuazibu. Mbele ya kumuazibu, muangalie pua yake.

Mahindi yakaushwe mpaka unyevu wa 13 kwa mia ndipo yaingie depo. Wakati wa kupepeta, simama upande upepo unakotokea, funga kitambaa juu ya pua na kinywa, na watoto wacheze mbali. (Kuwapa watoto kazi ya kufagia depo, tunaikataa kabisa.) Jioni oga, badilisha nguo mbele ya kulala. Pua inaweza kusafishwa na maji yaliyochemka na kupoa, nusu kijiko kidogo cha chumvi mu robo litre. Usipenge kwa nguvu. Ndani ya sikio usitie kijiti, mafuta, wala maji ya majani. Antibiotike haiponyeshe aleji.

Usaha, homa, maumivu makali, ao kutosikia vizuri kunakopita wiki chache: kituo cha afya. Sikio moja likizima gafula, nenda siku ileile.