Jozef Kroner: Mwigizaji aliyetuonyesha jinsi mtu mwema anavyoshindwa

WAIGIZAJI wengi hukumbukwa kwa kucheza mashujaa. Jozef Kroner wa Slovakia anakumbukwa kwa kucheza mtu wa kawaida kabisa: fundi asiye na kazi, mume anayesemwa kila siku na mkewe, mtu mwema ambaye siku ya kupimwa wema wake anashindwa.

Kroner alizaliwa Machi 20, 1924 katika kijiji cha Staškov, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hakusomea uigizaji chuoni. Alianzia kwenye vikundi vya maigizo vya ridhaa, kisha akaajiriwa na jumba la maigizo la mji wa Martin. Mwaka 1956 alihamia Bratislava, kwenye Jumba la Taifa la Maigizo, ambako alikaa kwa miaka mingi.

Kazi iliyomfikisha nje ya mipaka ya nchi yake ni filamu ya mwaka 1965, Obchod na korze, iliyoongozwa na Ján Kadár na Elmar Klos. Ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Chekoslovakia.

Duka la bibi asiyesikia

Hadithi inatokea mwaka 1942, wakati Slovakia ikitawaliwa na serikali iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler. Wayahudi walikuwa wakinyang'anywa mali zao. Mwaka huo pekee, Wayahudi wapatao 58,000 walisafirishwa kutoka Slovakia, na wengi wao hawakurudi.

Kroner anacheza Tono Brtko, seremala maskini. Mume wa dada wa mkewe ni mkubwa katika kikosi cha wanamgambo wa serikali, na ndiye anayemletea "bahati": barua ya kumkabidhi duka la bibi mmoja Myahudi, mjane anayeuza vifungo, uzi na riboni.

Mkewe Tono, Evelína, anashangilia. Kwa muda mrefu amekuwa akimsema mumewe kwamba wenzake wanatajirika huku yeye amekaa tu. Sasa anaona dhahabu mbele yake.

Lakini duka halina kitu. Bibi huyo, aliyechezwa na Ida Kamińska kutoka Poland, ni mzee, hasikii vizuri, na hajui hata kama kuna vita. Anadhani Tono ni kijana aliyeletwa kumsaidia kazi. Wayahudi wa mji ule wanakubali kumlipa Tono mshahara kwa siri, ili bibi asije akapewa mtu mkatili zaidi. Taratibu Tono anamzoea. Anamtengenezea samani zake, naye bibi anamhudumia kama mwanawe.

Kisha amri inatoka: Wayahudi wote wakusanyike uwanjani. Tono anakunywa pombe ili apate ujasiri, lakini hofu ndiyo inayozidi. Mara anataka kumficha bibi, mara anataka kumtoa nje ili yeye asije akakamatwa. Katika purukushani anamsukuma ndani ya stoo. Anapofungua mlango baadaye, bibi amekufa. Tono naye anajitoa uhai.

Kinachotuhusu majumbani

Kama mwandishi wa habari za afya, nimeona mambo matatu ambayo Kroner anayaonyesha bila kuhubiri.

La kwanza ni upweke wa mzee asiyesikia. Watu wanamzunguka bibi yule kila siku, lakini habari kubwa kuliko zote hazimfikii. Mzee anapoacha kuitikia, wengi tunasema ni uzee tu, tunaacha kumshirikisha, naye anazidi kujitenga. Masikio yapimwe, na tunapozungumza naye tumkabili usoni, tuseme taratibu.

La pili ni pombe. Tono hapati ujasiri kwenye chupa. Pombe inamwondolea uwezo wa kupima mambo saa ile ile anayouhitaji zaidi.

La tatu ni shinikizo la nyumbani. Tono hakuamka siku moja akataka kumdhulumu mjane. Alisukumwa kidogo kidogo, kwenye meza ya chakula na kitandani, na watu wanaomwita ndugu. Maneno kama "wenzako wanapata, wewe je?" yanaweza kumfikisha mtu pabaya. Na mtu anapobeba hatia na hofu peke yake, mzigo huo unaweza kumuua. Ukimwona ndugu yako amenyamaza kupita kawaida, mkalishe, msikilize, na mpeleke kwa mtaalamu.

Familia ya jukwaani

Nyumbani kwake mwenyewe, Kroner aliishi na watu wa fani yake. Mkewe, Terézia Hurbanová, alikuwa mwigizaji. Mdogo wake, Ľudovít, pia aliigiza. Binti yao, Zuzana Kronerová, alifuata nyayo hizo. Mwaka 2017 aliongoza katika filamu ya Kicheki Bába z ledu, akicheza mjane anayewapikia wanawe kila Jumapili bila shukrani, kisha anaanza kuogelea kwenye maji ya baridi kali na kupata maisha mapya.

Kroner hakubaki kwenye huzuni tu. Mwaka 1975 aliwachekesha watu kama mnyang'anyi Pacho katika Pacho, hybský zbojník, na mwaka 1983 akacheza mzee Martin Pichanda katika Tisícročná včela. Alipenda sana kuvua samaki, na aliandika vitabu kuhusu uvuvi.

Alifariki dunia Machi 12, 1998, siku nane kabla ya kutimiza miaka 74.

Ukipata nafasi, itazame Obchod na korze pamoja na mwenza wako na watoto wakubwa. Ikiisha, msikimbilie kumhukumu Tono. Ulizaneni kwanza: kama barua ile ingeletwa nyumbani kwetu, nani kati yetu angesema hapana?