Istilahi za Utetezi wa Jinai: Neno Linapopima Uhuru wa Mtu

Seremala akikosea kipimo hupoteza ubao, na ubao hununuliwa mwingine. Katika kesi ya jinai kinachopotea kwa kipimo kibaya ni uhuru wa mtu, na katika kesi ya mauaji huenda kikawa uhai wake. Kipimo chenyewe ni neno. Kwa hiyo mawakili wa utetezi, yaani wale wanaosimama upande wa mtu aliyeshtakiwa, wanaitegemea lugha sanifu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jambo hili limeongezeka uzito nchini Tanzania hasa tangu mwaka 2021, sheria ilipotamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Katika mahakama za juu yake, aghalabu mshtakiwa alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, na tofauti nyingi za maana zikamalizwa na kalamu ya hakimu. Sasa tofauti hizo hazina budi kuonekana katika Kiswahili chenyewe. Makala haya yanachambua baadhi ya istilahi hizo, na kuonyesha zile ambazo bado hazijatosheleza kazi.

1. Mwanasheria, wakili na mtetezi

Maneno haya matatu huchanganywa kila siku. Mwanasheria ni yeyote aliyesomea sheria, hata kama anafundisha chuoni au anafanya kazi benki. Wakili ni mwanasheria aliyeapishwa na jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili, naye ana ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mwingine. Wakili wa Serikali huiwakilisha Jamhuri, ambayo katika kesi za jinai ndiyo inayoshtaki. Wakili wa kujitegemea hufanya kazi katika ofisi yake au ya wabia wenzake, na akisimama upande wa mshtakiwa huitwa wakili wa utetezi.

Asili ya neno wakili ni Kiarabu, na jamaa yake ni wakala. Mzizi wao unabeba maana ya kukabidhiwa jambo la mtu mwingine. Neno mtetezi latokana na kutetea, ambalo katika mazungumzo ya kawaida huweza kumaanisha kumpendelea mtu au kumkingia kifua. Hapo ndipo lawama huanzia: watu husema wakili fulani "anatetea wezi". Lakini wakili wa utetezi hakukabidhiwa kuusifu wizi, wala hatakiwi kuapa kwamba mteja wake ni mtu mwema. Kazi yake ni kuitaka Jamhuri ithibitishe inachodai, kwa ushahidi unaokubalika kisheria. Anayesema "anatetea wezi" amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu.

2. Mtu mmoja, majina mengi

Tumfuate mtu mmoja katika safari yake, tuone jinsi jina linavyobadilika kwa kadiri ya kile kilichothibitishwa.

(a) Mtuhumiwa: anashukiwa na anachunguzwa, bado hajafikishwa mahakamani.
(b) Mshtakiwa: amesomewa shtaka mbele ya mahakama.
(c) Mahabusu: anawekwa rumande kesi ikiendelea, kwa kuwa hakupata dhamana au shtaka lake halina dhamana. Mahabusu si mfungwa.
(d) Mfungwa: ametiwa hatiani na anatumikia kifungo.
(e) Mrufani: anapinga uamuzi mbele ya mahakama ya juu zaidi.

Kwa wakili wake, katika hatua zote hizo, mtu huyu ni mteja tu. Neno mhalifu halina nafasi katika (a), (b) wala (c). Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13 kama ilivyorekebishwa mwaka 1984, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina kanuni hiyo hiyo katika ibara ya 50. Basi kichwa cha habari kisemacho "Jambazi afikishwa mahakamani" hakikosei lugha tu, bali kinakwenda kinyume cha kanuni hiyo.

3. Kosa, kukosa na kukiri

Neno kosa limebeba mizigo miwili. Sheria hulitumia kwa tendo linaloadhibiwa. Watu hulitumia kwa jambo lolote lisilo sawa. Mtu mwenye adabu, akiwa mbele ya wazee, husema "nimekosa, nisameheni" hata kama ubishi haujaisha, kwa sababu anatafuta suluhu. Akiyasema hayo kizimbani, huenda yakachukuliwa kuwa amekiri shtaka.

Mahakama zimeitambua hatari hiyo. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao hufuatwa hadi leo. Mshtakiwa aelezwe shtaka na mambo yote yanayounda kosa hilo, kwa lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Upande wa mashtaka ueleze mambo yaliyotokea, naye apewe nafasi ya kuyakana au kuyafafanua. Akizua jambo linalopingana na kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana.

Kwa sababu hiyo jibu fupi "ni kweli" halitoshi. Ni kweli nini? Kwamba alikuwa na baiskeli ile, au kwamba aliiiba? Mtu aweza kukubali tendo bila kukubali kosa. Twapendekeza kukubali litumike kwa mambo yaliyotokea, na kukiri litumike kwa kosa lenyewe pamoja na nia yake.

4. Kuua kwa kukusudia na bila kukusudia

Hapa istilahi zilizozoeleka hazitoshi. Tunaita kosa zito "kuua kwa kukusudia", na lililo jepesi kuliko hilo "kuua bila kukusudia". Lakini Kanuni ya Adhabu haikuishia kwenye kusudio la kuua. Aliyekusudia kumjeruhi mtu vibaya sana tu, mtu huyo akafa, naye huweza kutiwa hatiani kwa kosa lile zito. Kwa upande mwingine, aliyechokozwa ghafla akaua kwa hamaki kabla hajatulia, hata kama nia ya kuua ilimjia wakati ule, sheria huweza kumhesabia kosa lile jepesi.

Fikiri basi wakili anayemweleza mteja wa namna hii kwamba ashtakiwe kwa "kuua bila kukusudia". Mteja atajibu, kwa unyofu kabisa: "Lakini nilikusudia." Istilahi imemsukuma kwenye kosa ambalo sheria yenyewe isingemtwisha. Afadhali kosa zito lielezwe kwa nia ovu, na jepesi kwa kukosekana kwa nia ovu, kisha neno hilo lifafanuliwe kila linapotumika.

5. Shaka, kesi ya kujibu na kuachiwa

Upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha shtaka "bila shaka". Kwa bahati mbaya, katika usemi wa kila siku "bila shaka" ni sawa na "naam, hakika". Wengine husema "pasipo kuacha shaka yoyote", lakini hapo wamepita mpaka, kwa kuwa sheria haitaki shaka za kuwazia tu ziondolewe. "Pasipo kuacha shaka yenye msingi" yakaribia zaidi maana.

"Ana kesi ya kujibu" si hukumu. Maana yake ni kwamba ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Bado aweza kushinda.

Neno linalowaumiza wengi ni "ameachiwa". Yapo maachio matatu. Kuachiwa kwa dhamana: kesi inaendelea. Kuondolewa shtaka: kesi imekoma kwa sasa, na mara nyingi mtu huyo aweza kushtakiwa tena. Kuachiwa huru kwa kutopatikana na hatia: mahakama imeamua, na uamuzi ukisimama hashtakiwi tena kwa kosa lile lile. Ndugu wanaosherehekea la pili wakidhani ni la tatu huja kushtuka jamaa yao akikamatwa tena mlangoni pa mahakama.

Hitimisho

Msamiati wa utetezi haukosekani katika Kiswahili. Kinachohitajika ni kila neno kukaa mahali pake. Tunawaomba waandishi wa habari, makarani, wakalimani na mawakili wenyewe wazitumie istilahi hizi kwa uangalifu, na wazikosoe pale zinapopungua. Mtu aliye kizimbani hana kamusi mkononi. Anategemea kwamba neno analosomewa lina maana ile ile kwake, kwa wakili wake na kwa hakimu.