Muuguzi Naye Ni Mwanafunzi: Habari Kutoka Vilima vya Chai

Majani ya chai tunayoyachemsha kwa iliki na tangawizi, tukateremshia mahamri ya asubuhi, mengi hutoka katika vilima vya Kericho na Bomet. Ni nchi ya baridi na mvua, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na sisi wa Pwani hudhani kwamba malaria ni balaa letu watu wa joto, wao wamesalimika. Sivyo. Wiki hii tumeonelea tuzieleze familia zetu habari ya homa ya huko, kwa kuwa inamhusu kila mama anayempeleka mtoto zahanati na kumkabidhi kwa muuguzi.

Mashamba makubwa ya chai yana zahanati na hospitali zake, na madaftari yake yametunzwa kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo habari za malaria ya Kericho zinajulikana kuliko za miji mingi. Homa ilizuka mara kwa mara katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ikadhibitiwa, vilima vikatulia kwa miaka mingi, kisha ikarejea kwa nguvu kuelekea miaka ya tisini. Aliyekulia Pwani huumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake hujizoesha kiasi. Wa milimani hana kinga hiyo, na homa ikipanda huko huwaangusha hata watu wazima wenye nguvu zao. Wako waliolaumu joto la dunia, na mjadala huo ni mrefu. Watafiti waliochungua madaftari ya shamba moja kubwa, ya mwaka 1990 hadi 1997, walielekeza kidole kwengine: kwa klorokwini, ambayo ilikuwa haifui dafu tena mbele ya vimelea.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Muuguzi aliyehitimu mwaka 1985 alifundishwa klorokwini, na kwa wakati wake alifundishwa sawasawa. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya ikaiacha na kuweka dawa za jamii ya Fansidar. Mwaka 2004 hizo nazo zikatangazwa kuachwa, ikachaguliwa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, iliyoanza kuenea zahanatini mwaka 2006. Kisha ukaja mwongozo kwamba mgonjwa asitibiwe malaria kwa kukisia. Apimwe damu kwanza. Yote haya katika umri wa kazi wa mtu mmoja! Ambaye hakurudi kusoma si lazima awe mvivu. Pengine ni mwema kuliko wenzake wote, naye kwa mkono wa huruma akampa mtoto dawa isiyoponya.

Wahenga wa tiba katika Uislamu walilijua hili. Ibn Sina aliheshimiwa kwa karne nyingi, lakini Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, alisahihisha kauli yake juu ya njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni, na heshima ya Ibn Sina haikupungua.

Basi muuguzi wa kijijini asome vipi? Bomet wamebahatika kuwa na Tenwek, hospitali ya misheni inayofundisha wauguzi na madaktari wa upasuaji papo hapo penye wagonjwa. Zahanati ndogo ina mhudumu mmoja au wawili. Akiitwa semina mjini, mlango hufungwa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hukuta kufuli. Na tuseme kweli, semina nyingine huendewa kwa ajili ya posho. Mwaka 2005 shirika la AMREF lilianzisha nchini masomo kwa kompyuta ili wauguzi wa cheti wapande hadi stashahada bila kuacha kazi. Lakini lililotufurahisha zaidi ni jambo dogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wahudumu wa zahanati za Pwani na za magharibi ya Kenya walitumiwa kwa miezi sita ujumbe mfupi wa simu kuhusu namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Vituo 107 vilihusika. Utoaji wa dawa kwa usahihi ulipanda kwa takriban pointi 24 katika mia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, faida ilikuwa ingalipo. Hakuna aliyefunga mlango wa zahanati.

Wauguzi wengi ni wanawake, nao husoma usiku, baada ya kupika na kuwalaza watoto. Bwana anayemwona mkewe muuguzi ameinamia simu saa nne za usiku asiharakishe kununa. Huenda yumo darasani. Na kaunti inayomwita muuguzi kwenye mafunzo haina budi kupeleka mwengine akae mahali pake, kwani wagonjwa hawaendi likizo. Nasi wenye watoto tunayo haki ya kuuliza kwa adabu, "Dada, mtoto amepimwa?" Muuguzi anayesoma hatachukia kuulizwa.