Je, Wajua? Soya na Homoni za Mwanaume

Uvumi wa siku nyingi unadai kwamba soya humpunguzia mwanaume uanaume wake. Wanasayansi wameufuatilia, na njiani wamekutana na kondoo, duma na hata mkojo wa farasi!

Kila mwanaume ana estrojeni yake
Homoni tunayoiita ya kike hutengenezwa pia mwilini mwa mwanaume, tena kutokana na testosteroni, homoni ya kiume yenyewe. Bila estrojeni hiyo mifupa yake hudhoofika. La kushangaza zaidi: babu wa miaka 70 mara nyingi huwa na estrojeni nyingi kwenye damu kuliko bibi wa umri wake ambaye hedhi yake ilishakoma.

Hofu ilianzia malishoni
Miaka ya 1940, wafugaji wa Australia Magharibi waliona kondoo wao majike hawashiki mimba. Mchawi alikuwa klova, mmea wa jamii ya mikunde kama soya, uliojaa isoflavoni: kemikali za mimea zinazofanana kwa umbo na estrojeni, ila nguvu zake ni hafifu mno. Kondoo wale walikula klova kutwa kucha, msimu mzima.

Duma nao waliponzwa na chakula
Mwaka 1987, watafiti waliokuwa wakichunguza kwa nini duma wa bustani za wanyama za Amerika Kaskazini wanaugua ini na hawazai waligundua kuwa chakula chao kilichanganywa na soya. Ini la jamii ya paka ni dhaifu katika kuondoa kemikali za aina hii. La binadamu huzisafisha na kuzitoa kwa njia ya mkojo.

Bakteria wa tumboni wana kauli yao
Watu wawili wanaweza kula soya ile ile na damu zao zikawa tofauti. Baadhi yetu tuna bakteria wanaogeuza isoflavoni kuwa ekwoli, kemikali iliyogunduliwa mara ya kwanza mwaka 1932 kwenye mkojo wa farasi jike mwenye mimba. Huko Japani karibu nusu ya watu wazima au zaidi huitengeneza. Ulaya na Marekani ni kama robo hadi theluthi tu.

Vikombe 12 kwa siku!
Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mzee wa miaka 60 aliyevimba matiti yakawa yanamuuma, na estrojeni yake kupanda. Kumbe alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku! Alipoacha, maumivu yaliisha na homoni zikarudi mahali pake taratibu. Kikombe kimoja huwa na takriban miligramu 25 za isoflavoni, basi piga hesabu mwenyewe. Unga kidogo wa soya kwenye uji wa lishe haukaribii hata kidogo kiwango hicho.

Tafiti 41, jibu moja
Mwaka 2021 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 41 zilizofanywa kwa wanaume. Iwe ni vyakula vya soya, unga wa protini au vidonge vya isoflavoni, testosteroni haikushuka wala estrojeni haikupanda. Kiwango na muda wa kutumia havikubadilisha jibu hilo, na ndiyo maana kisa cha yule mzee kinabaki kuwa cha nadra.

Si kila soya ina isoflavoni
Tofu na maziwa ya soya zinazo kwa wingi, lakini mafuta ya soya na sosi ya soya karibu hazina kabisa. Unga wa protini ya soya uliosafishwa kwa alkoholi nao hupoteza sehemu kubwa. Kwa hiyo kopo lililoandikwa "soya" halikuambii chochote kuhusu homoni mpaka ujue limetengenezwaje.

Misuli haichagui
Mwaka 2018 tafiti 9 za watu wanaonyanyua vyuma zilijumlishwa pamoja. Waliotumia protini ya soya waliongeza nguvu na misuli sawasawa na waliotumia protini ya wanyama, kama ile ya maziwa. Kwa mnyanyua vyuma mwenye bajeti ndogo, hiyo ni habari njema: jasho lake litalipwa vilevile, protini itoke kwa ng'ombe au shambani.